Jiwe, ziwa au chukudu: matembezi ya sayansi yanayowafaa watoto wa Goma

Goma haikosi mahali pa kumpeleka mtoto akaone maajabu ya ardhi. Lakini mtoto wa miaka minane hatosheki na kuona. Anataka kushika, kumwaga, kupima, kuhesabu. Kwa hiyo tunalinganisha hapa matembezi manne yanayowezekana ndani ya mji au pembeni yake: uwanja wa lava, ufuko wa Kivu, karakana ya chukudu (lile gari la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo), na Observatwari ya Volkano ya Goma, ile tunayoiita OVG. Tunayapima kwa jambo moja: je, mtoto atarudi nyumbani na namba aliyoipata kwa mikono yake, namba anayoweza kubishania na mwenzake? Kwa kipimo hicho, mahali penye jina kubwa sipo panaposhinda.

Nyiragongo yenyewe, volkano iliyo juu ya mji, haimo. Mlima wa mita 3,470 wenye baridi kali na moshi wa salfa kileleni si wa watoto wadogo, na njia yake iko ndani ya Hifadhi ya Virunga.

Kabla ya kuchagua, kuna mambo mawili ya ardhi yetu yasiyo na mjadala. La kwanza ni mazuku. Magharibi ya mji, kuanzia Lac Vert na Mugunga kuelekea Sake, hewa ukaa hutoka ardhini na kutulia katika mabonde madogo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, haina rangi, na hujaa zaidi usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake, mtoto akazama ndani. Lac Vert inapendeza, na walimu wengi huifikiria kwanza kwa sababu ni ziwa lililokaa ndani ya kreta, lakini kwa kikundi cha watoto tunaiondoa kabisa. Msitegemee ile mbinu ya kutanguliza mshumaa ili kupima gesi. Mtu huanza kupoteza fahamu hewa ukaa ikifika asilimia 7 hadi 10, na kwa kiwango hicho mshumaa bado unaweza kuwaka. Moto ukizimika mmeshachelewa.

La pili: mji umepita vitani. Chuma chochote kisichojulikana, hata kidogo kama betri, hakiguswi, na kila mtoto arudie sharti hilo kwa sauti kabla ya kutoka. Mkuu wa avenue (barabara ya mtaa) au wa katie (mtaa) ajulishwe siku moja kabla. Na simu zikae mfukoni karibu na bandari, uwanja wa ndege na kambi. Kupiga picha huko huleta matatizo. Daftari na penseli hutosha, na mtoto anayechora huangalia zaidi ya anayepiga picha.

Uwanja wa lava

Haya ndiyo matembezi yenye faida kubwa kuliko gharama yake. Lava ya Januari 17, 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na sehemu kubwa yake sasa imejengwa juu; ile ya Mei 22, 2021 ilisimama Buhene, upande wa kaskazini. Kwa kuanza huhitaji hata kwenda Buhene. Ukuta wowote wa mawe meusi wa avenue yenu unatosha kwa nusu saa ya kwanza.

Mpe kila mtoto mraba wa kartoni uliokatwa katikati tundu la sentimita 10 kwa 10. Auweke juu ya jiwe, ahesabu matundu ya hewa yaliyo makubwa kuliko punje ya mchele. Ahamie jiwe la pili, la tatu. Namba zitatofautiana sana, na hapo swali linazaliwa lenyewe. Lava ilipopoa, gesi ilipanda kama povu la soda. Jiwe la juu ya mtiririko limejaa matundu, la katikati limeshikana. Mtoto aliyehesabu matundu 40 kwenye jiwe moja na 3 kwenye jingine anaweza kukisia kila moja lilikuwa wapi.

Kisha uzito. Chukua mizani ya jikoni, chombo cha kupimia kilichokatwa kutoka bidoni (dumu la plastiki) na kuwekewa alama kila mililita 50, na mawe mawili ya ukubwa wa ngumi. Pima uzito kwa gramu, zamisha jiwe, soma maji yamepanda kiasi gani. Jiwe la gramu 780 lililopandisha maji mililita 400 lina msongamano wa gramu 1.95 kwa kila mililita, jiwe lisilo na matundu hukaribia 2.8 au 2.9. Kosa la kawaida ni maji kuingia ndani ya matundu: jiwe huonekana dogo kuliko lilivyo, na jibu linapanda. Lifunge jiwe kwenye sashe (mfuko wa plastiki) nyembamba, utoe hewa kwa mkono, ndipo ulizamishe. Wafanye mara mbili, na sashe na bila sashe. Tofauti ya mililita kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi cha maji kilichoingia, na watoto wa miaka kumi hulielewa hilo haraka kuliko tunavyodhani.

Sumaku ya spika mbovu ya redio inakamilisha kazi. Ifunge kwanza kwenye sashe, la sivyo mchanga mweusi utaing'ang'ania na hautatoka tena. Ipitishe juu ya vumbi la lava lililokusanywa pembeni ya barabara: chembe za magnetiti, madini yenye chuma, zitasimama kama nywele. Vua sashe juu ya karatasi, chembe zinaanguka zote. Pima vijiko kumi vya mchanga, uhesabu vingapi vimenaswa.

Buhene inafaa kwa watoto wa miaka kumi na zaidi, kwa sababu ya swali jingine: uhai unarudije kwenye jiwe? Nyosha kamba ya mita 10, weka fremu ya vijiti vinne vya sentimita 50 kila baada ya mita 2, andika kinachoota ndani yake. Wa kwanza ni viumbe vya kijivu vinavyofanana na povu kavu, kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Baadaye hufuata ukoga, majani ya jamii ya kangaga, na mwisho vichaka. Fanyeni hivyohivyo kwenye kiraka kilichobaki cha lava ya 2002, mlinganishe miaka kwa miaka. Kumbukeni kwamba chini ya lava ile kuna nyumba za watu. Ombeni ruhusa kwa wenyeji, na kama mama wa pale anataka kueleza palikuwa na nini, watoto wakae wamsikilize. Hakuna kipimo cha siku hiyo kinachopita maelezo yake.

Kinachoharibu matembezi: viatu vya wazi (lava hukata kama kioo), magoti matupu, na saa ya kwenda. Jiwe jeusi hufyonza jua. Baada ya saa tano asubuhi watoto hawawezi kukaa juu yake. Ondokeni saa moja na nusu, mrudi kabla ya saa nne na nusu. Hakuna kuingia kwenye pango la lava wala ufa wowote, hata wenye kina cha magoti, kwa sababu ileile ya gesi, na pia kwa sababu mapango mengine ya mjini huenda ni mashimo ya vyoo. Nyundo ishikwe na mtu mzima, jiwe likiwa limefungwa kwenye kitambaa kizito cha jinzi ili vipande visiruke machoni.

Ufuko wa Kivu

Ziwa lina mambo mengi kuliko lava, lakini linadai watu wazima zaidi. Ufuko wa mawe ya lava hushuka ghafla: hatua mbili maji ya magoti, ya tatu hakuna chini. Kwa kila watoto wanne awepo mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine, na kila mtoto anayesimama kwenye gati avae jile la kuelea. Mitumbwi hapana. Maji hayanywewi, kwa kuwa kipindupindu hakijauacha mji huu. Leteni bidoni ya maji yenye klori na sabuni, mikono ioshwe kabla ya andazi la kwanza.

Kipimo kizuri cha kwanza ni uangavu wa maji. Chukua kifuniko cha ndoo ya rangi, kikate duara la sentimita 20, kipake robo mbili nyeupe na robo mbili nyeusi. Toboa katikati, funga jiwe la kilo moja chini, na kamba yenye fundo kila sentimita 50. Lowesha kamba kabla ya kuifunga mafundo, maana nailoni hulegea ikiloa. Mtoto anashusha hadi duara lipotee, anataja kina. Anavuta hadi lirudi, anataja tena. Jibu ni wastani wa hizo mbili. Simameni upande wa kivuli, kati ya saa nne na saa nane, ili mwako wa jua usidanganye macho. Shida ya Goma ni kwamba penye kina kifupi duara hugonga chini kabla ya kupotea. Hapo hakuna jibu, na mtoto aandike hivyo: limegonga chini.

Cha pili ni ukali wa maji. Chuma maua kumi mekundu ya hibiskasi kwenye ua, loweka petali katika mililita 200 za maji ya moto kwa dakika kumi, chuja. Matone kumi ndani ya kikombe cha limau yanakuwa mekundu. Ndani ya maji ya majivu yanakuwa kijani. Sasa jaribuni maji ya ziwa. Yataelekea kijani, kwa sababu Kivu ina chumvi za bikaboneti nyingi na pH yake (namba ya ukali wa maji; 7 ni katikati, juu ya hapo si makali) iko karibu na 9. Ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria ya kuchemshia maji ya ziwa unatokana na chumvi hizo. Tone la siki juu yake linatoa povu. Linganisheni na maji ya mvua, ambayo karibu na volkano zetu huweza kuwa makali kwa sababu ya salfa ya moshi. Yakingwe kwenye beseni lililo wazi, si kutoka kwenye bati, maana bati lenyewe hubadilisha maji. Na kwa mvua tumieni matone matatu tu ya hibiskasi: maji ya mvua hayana chumvi za kujikinga, dawa ikizidi mtakuwa mnapima dawa.

Sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, ni somo jingine. Kikombe kimoja cha samaki wabichi kutoka soko la Kituku, sinia nyeupe, lenzi, pini. Wahesabu mapezi, wafungue mashavu, wapasue tumbo la mmoja watafute chakula chake: chembechembe za wadudu wadogo wa majini. Samaki huyu hakuzaliwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa tabaka la juu la ziwa lilikuwa na chakula kisicho na mlaji. Anayebaki mzima anaishia kwenye mafuta ya kukaanga, jambo ambalo huwafurahisha wadogo.

Lakini siri kubwa ya Kivu haipimiki ukingoni. Ziwa lina kina cha mita 485, na chini kabisa maji ni ya uvuguvugu zaidi kuliko katikati, tena yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Mtoto atauliza: kama maji ya moto hupanda, mbona haya hayapandi? Jibu linafanyika mezani. Katika mtungi wa kioo mimina nusu lita ya maji ya uvuguvugu yenye vijiko vitatu vikubwa vya chumvi, yaliyotiwa wino wa bluu. Juu yake mimina polepole, kupitia mgongo wa kijiko, nusu lita ya maji baridi yasiyo na chumvi. Rangi itabaki chini zaidi ya saa moja. Fanya mtungi wa pili bila chumvi: rangi inapanda mara moja. Chumvi na hewa ukaa iliyoyeyuka ndizo zinazoyalaza maji ya chini ya Kivu. Mkiharakisha kumimina, tabaka huvunjika. Anzeni upya, msijaribu kuliokoa. Mtoto akitishika, mwambieni ukweli wa 2002: lava iliingia ziwani, na tabaka la chini halikuvurugika.

Karakana ya chukudu

Kwa mtoto asiyependa mawe wala samaki, hapa ndipo. Chukudu ni mbao, magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, rulema (beringi), usukani, na kipande cha mpira cha kufungia breki nyuma. Kila sehemu inaonekana na inaeleweka, kitu ambacho pikipiki haitoi tena.

Nendeni watoto wasiozidi sita, siku fundi anapounganisha, si siku ya kuchonga. Shoka la tezo na watoto havikai pamoja. "Jambo, papa fundi, tunaomba saa moja yako" isemwe siku iliyotangulia, na saa hiyo ilipwe, kwa kuwa ni ya kazi. Watoto wapime kipenyo cha gurudumu kwa rula na mzunguko wake kwa uzi. Gurudumu la sentimita 30 lina mzunguko wa takriban sentimita 94. Wagawanye, watapata 3.1 na kidogo. Kisha alama ya chaki kwenye gurudumu, mita 50 za barabara tulivu, kuhesabu mizunguko: inapaswa kuwa 53 hivi. Wakipata 51, gurudumu liliteleza au uzi ulivutika wakati wa kupima. Wapate kujua lipi.

Msuguano nao: sukuma chukudu tupu kwa mwendo uleule kutoka mstari mmoja, pima linasimama wapi. Rudia likiwa na bidoni mbili za lita 20 zenye maji, halafu baada ya fundi kutia grisi kwenye rulema. Mara tatu kila hali, kwa sababu msukumo wa mtoto haulingani. Ukitaka ulingane, liachieni kutoka juu ya ubao ulioinamishwa. Asipande mtoto yeyote kwenye mteremko wa barabara kubwa, hata fundi akisema hakuna neno.

OVG

Hapa mtoto anaona jinsi wataalamu wanavyosikiliza mlima: mistari ya mitetemo, vipimo vya gesi. Ni ziara ya barua iliyoandikwa mapema, ya darasa au kikundi chenye kiongozi, na maelezo hutolewa zaidi kwa Kifaransa cha kitaalamu. Chini ya miaka 12 watachoka. Mikono yao pia haitafanya mengi, ndiyo maana tunaiweka mwisho. Inafaa sana kama ziara ya pili, baada ya watoto kujitengenezea mtetemo wao: simu yenye programu ya bure ya phyphox ilazwe sakafuni, watoto kumi waruke pamoja umbali wa mita 2, kisha 5, kisha 10, walinganishe urefu wa mistari. Aliyefanya hivyo ataingia OVG na maswali.

Kuchagua

| | Umri | Muda | Watu wazima | Siku ya mvua |
|---|---|---|---|---|
| Lava, ukuta wa avenue | 5+ | saa 1 | 1 kwa 6 | ahirisha |
| Lava, Buhene | 10+ | saa 3 | 1 kwa 5 | ahirisha |
| Ziwa | 7+ | saa 3 | 1 kwa 4 | mezani tu |
| Chukudu | 8+ | saa 1 na nusu | 1 kwa 6 | inawezekana |
| OVG | 12+ | saa 2 | kiongozi na 1 | inawezekana |

Tukilazimishwa kumpa mzazi jibu moja, ni ukuta wa avenue, wiki hii hii, kwa kartoni na penseli. Gharama yake ni bei ya daftari, na mtoto akiipenda atajua anaulizia nini Buhene. Mwenye kikundi cha umri mchanganyiko achague ziwa, kwa sababu wadogo hukaa na sambaza huku wakubwa wakishusha duara. Lakini bila watu wazima wa kutosha, abaki na chukudu. Angalieni pia rangi ya tahadhari ya OVG kwenye vibao vya mji. Ikiwa ya chungwa au nyekundu, safari ya lava haipo.

Na siku ambayo njia hazipitiki, au mioyo haijatulia, mazuku yanaweza kufundishwa sebuleni. Beseni lenye kina cha sentimita 15, mshumaa mfupi wa sentimita 3 na mrefu wa 12, madirisha yafungwe. Katika jagi tia kijiko kikubwa cha bikaboneti na mililita 200 za siki, subiri povu litulie, kisha inamisha jagi juu ya beseni bila kumwaga maji yake. Mshumaa mfupi unazimika kwanza. Ukikataa, mara nyingi ni kwamba mmenunua unga wa kuumulia keki badala ya bikaboneti, au siki ni dhaifu. Waulize watoto ni mshumaa gani una kimo chao.

Kwenye uwanja wa nyumbani kuna kipimo kingine, kinachokuja mara mbili tu kwa mwaka. Goma iko nyuzi 1.7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu karibu na Machi 16, saa sita na dakika 12 mchana, na tena karibu na Septemba 27, saa sita kasoro dakika 6. Simamisha fimbo ya mita 1 kwa kamba yenye jiwe ili iwe wima kweli, anza kuweka alama nusu saa kabla. Kivuli kitafupika hadi kiingie chini ya fimbo. Siku moja kabla au baada, kitabaki cha milimita 7 hivi, na mtoto mwenye rula nzuri atakipata.